Donge la Sikudhani na Gogo la Msufi

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa mto.

— Mto una nini?

Una maji.

— Maji yana nini?

Yalifanywa hakimu, na wala hayakuomba kazi hiyo.

— Lete, bibi, lete!

Naleta. Sogeeni. Hidaya, mpishe mwenzio hapo mkekani, peke yako unakaa kama watu watatu.

Hapo kale, kabla bibi wa bibi yangu hajajua kutambaa, palikuwa na mji uitwao Nalowe, ukingoni mwa mto mpana. Watu wake walilima, kama watu wote. Lakini kila ukoo ulikuwa na kazi yake ya mikono. Hawa wahunzi, wanafua majembe. Wale wafinyanzi, wanafinyanga vyungu. Na wale wachonga vinu, wao na mashoka yao, ko! ko! ko! kutwa nzima.

Sasa sikilizeni ada ya watu wale. Watu wawili wakigombana, mzee wa mto, ndiye hakimu wao, hawaulizi neno. Hasemi, "Haya wewe, ilikuwaje?" Hasemi, "Na wewe, unajibuje?" Anasema, "Kila mtu alete asili ya kazi yake." Mhunzi alete chuma. Mfinyanzi alete udongo. Mchonga vinu alete mti. Vinatiwa kwenye mizani: fimbo imetundikwa kwa kamba katikati, kikapu huku, kikapu huku. Vinapunguzwa, vinaongezwa, mpaka fimbo inalala sawa. "Uzito mmoja," anasema mzee, "mto usije ukamwonea mtu." Kisha, chubwi! Vyote viwili majini. Kilichozama, mwenyewe ni mwongo. Kilichoelea, mwenyewe ni mkweli. Kesi imekwisha.

Mnacheka? Wao walikuwa hawacheki. Uzito si umekuwa sawa? Sasa kimoja kinazamaje na kingine kinaeleaje, kama si mto umejua siri ya mtu? Ndivyo walivyowaza, babu na mwana na mjukuu.

Basi wahunzi wakawa waongo. Mwaka nenda, mwaka rudi, mhunzi hashindi kesi. Wafinyanzi nao waongo. Na wachonga vinu, jamani, wakawa watu wakweli kuliko wote duniani! Hata watoto walikuwa wakiimba mchezoni:

*Mhunzi mwongo, chuma chazama!*
*Mfinyanzi mwongo, dongo lazama!*
*Mchonga vinu, huyo mkweli,*
*Mti waelea, mto wasema!*

Wafinyanzi walipita hapo wameinamisha vichwa. Mtu ukiitwa mwongo tangu utotoni, hata ukisema "nina njaa" unajiuliza kama ni kweli.

Na mwenye kitu kilichozama hakuachwa hivi hivi. Alitoka mjini na kikapu kimoja kichwani, akavuka mto, asirudi. Watoto walibaki upande wa baba.

Alikuwapo mfinyanzi mmoja, mjane, jina lake Sikudhani. Mumewe alikufa kwa homa, akamwachia mtoto mmoja, Salima, wa miaka saba, mwenye maswali mengi kuliko nywele. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na shimo la udongo. Udongo mzuri huo, mlaini kama ugali uliosongwa na mwenye subira. Shimo hilo Sikudhani alilichimba yeye na marehemu mama mkwe wake, mwaka wa nzige, mazao yalipoliwa yote na watu wakatafuta cha kufanya kwa mikono.

Mumewe alikuwa na mdogo wake, Ngwali, mchonga vinu. Ngwali alikuwa amesikia kwamba wafinyanzi wa ng'ambo wangetoa ng'ombe wawili kulipata shimo lile. Siku moja akaja, hodi, hodi.

"Shemeji, habari za kutwa?"

"Njema, shemeji. Karibu kiti."

"Sitaki kiti. Nataka shimo. Lile shimo alilichimba kaka yangu, na cha kaka ni cha mdogo."

"Hee! Shemeji, kaka yako hakuwahi kutia hata mguu mle. Alikuwa akisema udongo unamwasha vidole."

"Basi twende mtoni," akasema Ngwali, na meno yote nje. "Wewe na udongo wako, mimi na mti wangu. Siku ya saba kuanzia leo."

Sikudhani akaanza kuhesabu. Shimo kwenda, sawa, liende. Nyumba kwenda, sawa, iende. Lakini Salima! Salima angebaki kwa Ngwali, naye mama yake yuko ng'ambo ya mto, anatazama moshi tu.

Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili alilia. Siku ya tatu machozi yalikwisha, na vyungu vilikuwa vinangoja kuoshwa. Akavibeba, akaenda navyo mtoni, yeye na mtoto wake.

Walipokuwa wanaosha, chungu kimoja kikamponyoka Salima. Hakikuzama. Kilikwenda kikielea, taratibu, kama bwana anayetembelea shamba lake. Salima akakikimbilia, maji yakamfika magotini, akakikamata.

"Mama, udongo si huzama?"

"Huzama, mwanangu. Ndilo balaa letu."

"Mbona hiki hakikuzama?"

"Hicho ni chungu."

"Kwani chungu si udongo?"

Sikudhani akakichukua chungu, akakigeuza huku na huku. Miaka ishirini amefinyanga! Vyungu vimemponyoka mara ngapi, vikaelea, akavifuata, akavishika, wala hakuuliza. Mambo ya kila siku yana tabia hiyo, wajukuu zangu. Yanakaa mbele ya macho mpaka hayaonekani.

Akachota udongo mbichi, akaufanya donge. Akalitia majini. Chubwi! Likazama.

Akalitoa, akalibamiza, likawa bapa kama mkate. Akalitia majini. Likayumba huku, likayumba huku, kama jani. Likazama.

Akalitoa mara ya tatu. Sasa akaliinua kingo, pande zote, likawa bakuli. Akaliweka juu ya maji. Likayumba. Likatulia. Likaelea.

"Mama, umeongeza nini?"

"Sijaongeza kitu."

"Umepunguza nini?"

"Sijapunguza kitu. Udongo ni ule ule."

Hawakumaliza kuosha vyungu siku hiyo. Walirudi nyumbani mbio. Sikudhani akachukua mtungi wa mdomo mpana, akaujaza maji mpaka ukingoni kabisa, akauketisha ndani ya karai kubwa la udongo, maji yakimwagika yasipotee. Akatia donge. Donge likaenda chini, maji yakamwagika. Wakayachota kwa kata: kata moja. Akajaza tena mtungi. Udongo ule ule akaufanya bakuli, akaliweka lielee. Maji yakamwagika. Wakayachota: kata moja, na ya pili ikakaribia kujaa!

Akakaa chini, akatazama kata, akatazama bakuli.

"Salima, njoo uone. Maji hayapendi kusogezwa. Ukiyasogeza, nayo yanakusukuma. Donge limejikunyata, linasogeza maji machache, basi linasukumwa kidogo. Halibebeki. Bakuli limejitanua, linasogeza maji mengi, basi linasukumwa sana."

Salima akafikiri, kidole mdomoni. "Kumbe maji ni wapagazi. Ukiwaita wachache wanakuangusha. Ukiwaita wengi wanakubeba."

"Ndivyo hasa, mama yangu."

"Na mti je? Mti haujitanui, mbona unaelea?"

"Mti mwepesi ni mkubwa tangu mwanzo. Gogo la uzito kama wa donge letu, tazama lilivyo refu. Limekwisha kuwaita wapagazi wengi kabla halijafanya chochote."

"Na mti mzito?"

Hapo Sikudhani akasimama. Akajifunga kanga yake vizuri, akaenda kwa jirani yake, Bi Nambuta. Bi Nambuta alikuwa mwanamke wa sauti kubwa. Akikusalimu, kuku wanakimbia.

"Shoga, ule mchi wako wa kutwangia uko wapi?"

"Uko jikoni. Mchi wa mpingo ule, aliuchonga shemeji yako. Kwani vipi?"

"Siku ya saba uje nao mtoni."

"Ahaa! Tunakwenda kumtwanga?"

"Hatumtwangi mtu. Tutauogesha tu."

Siku ya saba ikafika. Mji mzima ulikuwa mtoni, na watoto wakaanza wimbo wao: *Mfinyanzi mwongo, dongo lazama!* Mzee wa mto, Mzee Chilumba, alikuwa amesimama na mizani yake. Hakuwa mtu mbaya, mzee yule. Alikuwa mtu aliyerithi mizani, basi akapima.

Ngwali akaja na gogo la msufi, refu kama mkono, amelibeba begani huku anapiga mluzi. Sikudhani akaja na donge, kubwa kama boga changa. Gogo kikapuni, donge kikapuni. Wakamega udongo kidogo. Wakamega tena. Wakamega mara ya tatu. Fimbo ikalala sawa.

"Uzito mmoja," akasema Mzee Chilumba. "Mto usimwonee mtu. Tieni."

Sikudhani akapiga goti. "Mzee wangu, nina swali."

Watu wakaguna. Mtoni hapaulizwi maswali.

"Uliza, mama."

"Ada inasema nilete udongo. Inasema uwe na umbo gani?"

Mzee akatazama juu, akatazama chini. "Ada inasema udongo."

"Haikusema donge?"

"Haikusema."

Basi Sikudhani akaketi pale pale mchangani, akalipakata donge lake, akatia dole gumba katikati. Akaanza kufinyanga, na kuimba polepole:

*Tanuka, donge, tanuka,*
*Ukijibana wazama.*
*Tanuka, donge, tanuka,*
*Maji yapate pa kushika.*

"Huyu vipi?" akasema Ngwali. "Tumekuja kesini au tumekuja kununua mabakuli? Shemeji, nifinyangie na mimi la mchuzi!"

Watu wakacheka. Sikudhani hakucheka. *Tanuka, donge, tanuka.* Kingo zikapanda. Ubavu ukawa mwembamba. Akachovya kidole majini, akapitisha ndani, akapitisha nje, akaziba kila kitundu. Akainuka.

"Pimeni tena, wasije wakasema nimeiba uzito."

Wakapima. Gogo huku, bakuli huku. Fimbo ikalala sawa.

"Tieni," akasema Mzee Chilumba, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Ngwali akatupa gogo. Likaelea. Sikudhani akainama, akaliweka bakuli kama mtu anavyomlaza mtoto mchanga. Likayumba. Likatulia. Likaelea.

Watu wakasukumana kuona. Tangu mji ulipojengwa, mti na udongo havijawahi kuelea pamoja.

"Wote wakweli?" mtu akanong'ona.

"Haiwezekani. Shimo moja haliwi la watu wawili."

"Uchawi!" akapaza sauti Ngwali. "Udongo hauelei! Amelitia dawa!"

"Dawa gani?" akajibu Bi Nambuta kutoka nyuma, na kuku wa ng'ambo wakaruka. "Hujasikia kwamba vyaelea, vimeundwa? Kaunda mbele ya macho yako!"

Sikudhani akamgeukia mzee. "Mzee wangu, mimi ni nani?"

"Wewe ni Sikudhani, mfinyanzi."

"La. Mimi ni mwanamume. Nina ndevu mpaka kitovuni na nimeoa wake wanne." Akaonyesha majini. "Haya, tazama bakuli langu."

Bakuli lilikuwa linaelea, limetulia kabisa.

Wanaume wakatazamana. Mtoto mmoja akacheka, akapigwa kibao, akacheka tena.

"Uongo nao unaelea," akasema Sikudhani. "Shoga, lete mchi."

Bi Nambuta akapenya katikati ya watu, mchi begani, mweusi, unang'aa kwa kazi.

"Shemeji, huu umeuchonga nani?"

"Nimeuchonga mimi."

"Ni chuma?"

"Ni mti."

"Ni udongo?"

"Nimesema ni mti!"

"Basi utie mtoni, mto ukusemee."

Ngwali akaweka mikono nyuma. "Huo si wa kesi."

"Utie, shemeji."

"Sitii."

"Mkweli anaogopa maji?"

Bi Nambuta hakuwa na subira ya kungoja mara ya nne. Akaurusha mwenyewe. Chubwi! Mchi ukaenda chini kama jiwe. Viputo vitatu, basi.

Mzee Chilumba akainamia maji. "Mti... umezama?"

Hapo wanawake wote wa Nalowe wakaangua kicheko. "Mpingo, mzee! Mpingo huzama tangu dunia iumbwe! Mchi ukikuponyoka mtoni usingoje uelee, piga mbizi!"

"Mlijua?"

"Sisi ndio tunaouosha kila siku. Tusijue?"

"Sasa mbona hamkusema?"

Kicheko kikaisha. Bi Nambuta, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasema kwa sauti ya chini. "Mlituuliza lini?"

Bi Nambuta akaendelea, "Na jambo lingine. Ada inasema asili ya kazi yake. Tangu lini kinu kikachongwa kwa msufi? Msufi laini ule! Ukitwanga mara mbili unakula kinu chenyewe. Nyie wanaume mnakula unga tu, hamjui ulikotoka."

Macho yote yakamwendea Ngwali. Ngwali akatazama vidole vyake vya miguu.

"Baba aliniambia," akasema. "Aliniambia, 'Mwanangu, kuchonga, chonga mpingo na mninga. Lakini siku ya kesi, nenda na msufi.' Na yeye aliambiwa na baba yake."

Ndivyo ilivyokuwa. Ukoo mzima umekuwa mkweli kwa miti miepesi. Na wahunzi, na wafinyanzi, wametoka mjini na vikapu vichwani, mmoja mmoja, kwa miaka isiyohesabika.

Mzee Chilumba akaishusha mizani. Akaikunja kamba yake. Akakaa kwenye nyasi, na alikaa kwa shida, maana hakimu wa Nalowe siku zote alihukumu amesimama. Mikono yake ilikuwa imezoea kupima, masikio yake hayakuwa yamezoea kazi.

"Haya, mama," akasema mwishowe. "Niambie. Lile shimo ni la nani?"

Sikudhani, aliyekuwa amesema yote yale bila kutetemeka, akaanza kulia. Mama mzima. Alilia kwa sababu hakuna aliyewahi kumwuliza. Wakamngoja. Kisha akajipangusa kwa ncha ya kanga, akaeleza: mwaka wa nzige, yeye na mama mkwe, jembe moja wakipokezana. Ngwali naye akaulizwa, akaanza moja, akaingia mbili, akajikwaa kwenye tatu. Wakaulizwa wanawake walioufuata udongo pale. Akaulizwa kikongwe aliyewapelekea wachimbaji uji, naye akakumbuka mpaka rangi ya kibuyu. Jua likapanda, likapinduka, na watu bado wanasema.

Alasiri neno likatoka. Shimo ni la Sikudhani. Nyumba ni ya Sikudhani. Na Salima ni wa mama yake, hapana mkono wa kumgusa. Ngwali akaambiwa avuke mto, awatafute wote waliofukuzwa, nyumba kwa nyumba, awaambie kwa kinywa chake mwenyewe habari za msufi, na awaombe warudi wakasikilizwe. Wengine walirudi. Wengine walimtazama tu, wakafunga milango yao. Nao siwalaumu.

Nyinyi kesho mnaweza kuchukua udongo, na maji, mkajaribu wenyewe. Msiniamini mimi. Fanyeni donge, fanyeni bapa, fanyeni bakuli, mwone. Lakini mkigombana, maji myaache kwenye beseni yapumzike. Maji yanajua kubeba na kuangusha tu. Ya watu hayayajui.

Na siku ile, watu walipokuwa wanatawanyika, Salima akamshika Mzee Chilumba joho.

"Babu, sasa mtamjuaje mwongo?"

"Tutamwuliza."

"Akidanganya?"

"Tutamwuliza jirani yake."

"Na jirani naye akidanganya?"

Mzee akajikuna kidevu. Akatazama mto, akatazama njia ya kwenda nyumbani, ambako ugali ulikuwa umekwisha kupoa.

"Basi, mjukuu wangu," akasema, "siku hiyo tutachelewa kula."

Hapo ulimi wangu umetua mzigo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni, nitaila mwenyewe na chumvi kidogo.

— Tumepokea, bibi!

Mkapokee na usingizi.